Faili Mama: Juu ya Kugeuza Muziki Kutoka Fomati Moja Hadi Nyingine

Mhadhara uliotolewa Kasongo, Maniema, mbele ya walimu, wanakwaya, mafundi wa radio na vijana wa soko

  Leo simu zenu ndizo kitabu chetu cha kusomea.

Juma lililopita nilikaa asubuhi nzima na kijana mmoja anayewajazia watu nyimbo sokoni. Kibanda chake mnakijua hata kama yeye hamumjui: mbao nne, kompyuta iliyokosa herufi mbili kwenye kibodi, grupu, yaani jenereta, inanguruma nyuma, na mbele foleni ya watu wenye kadi memori ndogo kama ukucha. Mtu anafika, anasema "Nijazie," basi, hana haja ya kueleza zaidi. Kijana yule ni mwerevu. Alinionyesha siri yake. Wimbo wa dakika nne ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti nne, kwa hiyo kadi ya gigabaiti mbili hubeba nyimbo mia tano hivi. Akizigeuza zote ziwe kilobiti 64, kadi ileile hubeba elfu moja. Mteja huhesabu nyimbo. Akiona elfu moja, kesho anarudi na ndugu yake.

Simlaumu. Mafuta ya grupu ni ghali, kadi kubwa ni ghali, na mteja ni mfalme. Lakini asubuhi ile alikuja mama mmoja aliyetoka upande wa Kabambare kwa pikipiki, kadi yake imejaa, anataka nafasi ya nyimbo za ibada. Kijana akaiamuru programu ibane kila kitu kilichomo na kufuta vile vya zamani. Programu haiulizi. Ikapita juu ya nyimbo za Kinshasa, za Dar es Salaam, za Nairobi, na katikati yake ikapita juu ya faili mbili ambazo majina yake yalikuwa tarakimu tupu. Nilimwomba azifungue. Zilikuwa sauti za matanga ya baba yake yule mama: wanawake wanaimba usiku, na mzee mmoja anaitikia kwa mbali. Wimbo wa Kinshasa ukiharibika leo, kesho utaupata kwenye kibanda cha pili. Ule wa matanga ulikuwa mmoja duniani, na sehemu yake ilikuwa imeshatupwa mbele ya macho yangu, nami nimekaa palepale na kikombe cha chai mkononi.

Kwa hiyo leo nina jambo moja la kuwaomba, na mengine yote nitakayosema ni njia ya kulifikia. Kabla hujageuza faili yoyote ya sauti iliyorekodiwa hapa kwetu, iweke kando ile ya kwanza, kama ilivyozaliwa. Mimi naiita faili mama. Watoto wake waende popote, kwenye simu, kwenye spika ya Bluetooth, kwenye gari, kwenye radio. Mama abaki nyumbani.

Tuangalie sasa ndani ya faili kuna nini. Sauti ni hewa inayotikisika. Mashine ya kurekodi hupima mtikisiko huo mara nyingi sana katika sekunde moja na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Kwenye diski ya CD vipimo ni 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 16, upande wa kushoto na upande wa kulia. Ukifanya hesabu, dakika moja ya muziki ni megabaiti kumi na nusu hivi. Faili ya WAV, ambayo kampuni za Microsoft na IBM ziliileta mwaka 1991, huziweka tarakimu hizo kama zilivyo, bila kupunguza. Ni nzito kwa sababu haijatupa kitu.

Kwa nini vipimo vingi hivyo? Kwa sababu ili kushika mtikisiko fulani ni lazima uupime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Sikio zuri la kijana husikia hadi hezi 20,000 hivi, basi mara mbili yake na ziada kidogo ndiyo hiyo 44,100. Shikeni kanuni hii, tutaihitaji tukifika kwa nyanya yangu.

Uzito ule wa WAV ndio uliowasumbua wahandisi wa Taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg. Walianza na ukweli ambao kila mtu wa Kasongo anaujua: grupu ikinguruma, humsikii mbu. Mbu yupo, anaimba kama jana, lakini sikio lako limefunikwa na kelele kubwa. Basi, wakasema, kama sikio halimsikii mbu, kuna haja gani ya kumwandika? Wakatengeneza hesabu inayopitia muziki kipande kwa kipande, ikitafuta kila sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa, na kuipunguzia tarakimu au kuitupa kabisa. Hiyo ndiyo MP3. Jina hilo la mwisho wa faili walilichagua Julai 1995. Kwa kilobiti 128, megabaiti kumi na nusu zinakuwa chini ya moja. Kwa watu wa mtaa wetu hiyo ilikuwa neema kubwa, na sitasema neno baya juu yake. Bila MP3 nusu yenu humu msingekuwa na muziki wowote mfukoni.

Ila kuna kubana kwa aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Chukua kitenge. Unaweza kukikunja mara nne, mara nane, kikaingia kwenye mfuko mdogo. Siku ya sherehe unakikunjua, na kila ua lipo mahali pake. Kuna fomati zinazofanya hivyo. Mashuhuri zaidi ni FLAC, iliyotolewa mwaka 2001 na Josh Coalson, bure kwa kila mtu. Mara nyingi huifikisha WAV kwenye nusu ya ukubwa wake hivi, na ukiifungua, tarakimu zote hurudi, hata moja haikosekani. Namna ya pili ni kuchukua mkasi. Unakata pindo, unakata maua ambayo hudhani mtu atayaangalia, na kitenge kinaingia kwenye kiberiti. MP3, AAC ambayo mnaiona kama m4a, WMA, Opus, AMR, zote hizo ni za mkasi. Zinatofautiana kwa ustadi wa mshonaji tu. Ndiyo maana ukigeuza MP3 kuwa WAV au FLAC hupati kitu kipya. Faili itakuwa kubwa mara kadhaa, na pindo lililokatwa litabaki limekatwa. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa moyo mweupe, wakidhani wameitibu sauti. Na ukigeuza MP3 kuwa MP3 nyingine, umekata mara ya pili kitambaa kilichokwisha kukatwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo panapotuhusu sisi kuliko wengine. Wahandisi wale walipokuwa wakiunoa mkasi wao, walihitaji nyimbo za kujaribia. Mmoja uliokuja kujulikana sana ni "Tom's Diner" wa Mmarekani Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake bila ala, kwa sababu dosari ndogo husikika upesi kwenye sauti tupu kama hiyo. Ni kipimo kizuri. Lakini fikirini likembe. Fundi wa likembe hulaza ndimi za chuma juu ya sanduku, kisha huvisha baadhi yake pete ndogo za chuma ili zilie kwa mchakacho. Mgeni akisikia anadhani chombo kimelegea. Mwenyeji anajua kwamba bila mchakacho huo likembe ni uchi. Sasa mchakacho ni nini machoni pa hesabu ya kubana? Ni sauti ndogo, ya juu, isiyo na noti inayoeleweka, iliyolala juu ya noti yenye nguvu. Ni mbu kando ya grupu. Programu nyingi kwa kilobiti 128 hukata karibu kila kilicho juu ya hezi 16,000, na kwa 64 hukata chini zaidi. Ukibana namna hiyo, noti inabaki na mchakacho unakuwa kama maji yanayotiririka mbali, au unapotea. Aliyepokea faili ile atasema amesikia likembe. Mimi nasema amesikia chuma chake tu.

Ngoma nazo zina shida yake. MP3 hukata muziki katika vipande vya sampuli 1152, yaani sehemu 26 hivi za elfu ya sekunde. Pigo la ngoma likiangukia katikati ya kipande, uchafu unaotokana na kubana husambaa kipande kizima, pamoja na ule ukimya uliotangulia pigo. Sikio husikia mtikisiko kama kivuli kinachofika kabla ya mtu mwenyewe. Kwa kilobiti nyingi kivuli hicho ni chembamba mno, hakisumbui. Kwa 64, ngoma inakuwa kana kwamba imepigwa kupitia shuka. Leo jioni mwenye spika nzuri ajaribu: achukue rekodi moja safi ya ngoma, aigeuze mara mbili, moja kwa kilobiti 192 na nyingine kwa 64, kisha afumbe macho. Hatahitaji mhadhara wangu.

Kugeuza sauti, ndugu zangu, hakukuanza na kompyuta. Teremka na Lualaba hadi upande wa Kisangani, kwa Walokele. Mmisionari Mwingereza John Carrington aliishi huko miaka mingi, akajifunza ngoma yao ya mgogo inayosema, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Ngoma ile ina sauti mbili, ya juu na ya chini. Lugha ya Kilokele ina irabu, ina konsonanti, ina kupanda na kushuka kwa sauti. Mpigaji hutupa irabu zote, hutupa konsonanti zote, hubakiza kupanda na kushuka peke yake. Huo ni mkasi mkali kuliko wa Erlangen! Tena unaleta utata: neno la mwezi na neno la kuku yote mawili hulia juu, juu. Wazee walifanyaje? Waliliongezea kila neno maelezo marefu ya kudumu. Mwezi wakaupa habari za kutazama ardhi, kuku wakampa mlio wake mdogo. Msikilizaji akipata mlolongo mzima hakosei. Walipoamua kutupa walijua wanatupa nini, na wakajua cha kuongeza ili maana isipotee. Hilo ndilo ninalomwomba yule kijana wa kibandani. Asiache kubana, ila ajue anachokitupa, na ajue ni cha nani.

Mji wetu wenyewe umewahi kupita kwenye mkasi wa aina nyingine. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo ya zamani kuwa makao yake makubwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Simsifu, Maniema inakumbuka biashara yake ya watu na pembe ilivyoacha vijiji vitupu. Nataja maandishi tu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, kabla mwenyewe hajafariki Zanzibar mwaka 1905. Herufi za Kiarabu, kwa uandishi wa zamani, hazitofautishi vizuri "e" na "i", wala "o" na "u", na "p" nayo huweza kuvaa nguo ya "b". Kila mstari ulihitaji mtu mwenye kujua Kiswahili aamue. Nasi tuliobaki tunaposoma kwa herufi za Kilatini tunasoma pia maamuzi ya Brode. Faili iliyogeuzwa ndivyo ilivyo. Ndani yake mna mkono wa aliyegeuza.

Sasa nifike kwa nyanya yangu.

Mwaka 2011 nilikwenda Kabambare kwenye ndoa ya binamu yangu. Nyanya alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na wanawake wanaotwanga, akaimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Nilikuwa na kisimu kidogo cha vibonye. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaishika simu mbele yake dakika tisa. Simu ile ilihifadhi sauti kwa fomati ya AMR. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu: hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na kwa kanuni tuliyoishika mwanzo, haiwezi kufika hezi 4,000, kwa kweli huishia kama 3,400. Zaidi ya hayo, hesabu yake huichukulia kila sauti kana kwamba inatoka kooni mwa mtu anayezungumza. Kinu kikilia, AMR hujaribu kukieleza kwa koo la mtu, ndiyo maana kinu kinasikika kama mtu anayekohoa. Lakini faida yake ni wepesi. Dakika nzima haizidi kilobaiti mia moja.

Niliporudi Kasongo nilitaka kuusikia wimbo kwenye radio yenye tundu la flashi. Radio haikuisoma AMR. Nikaigeuza kuwa MP3, na kwa kuwa nilikuwa na haraka na kadi ndogo, nikachagua kilobiti 32. Nikaona mwanzo una maneno, si wimbo; nikaukata. Nikaona mwisho una kuku na watoto, nikaukata. Halafu nikafuta ile AMR, kwa sababu nilikuwa nayo MP3 na niliona hakuna haja ya vitu viwili. Nyanya alifariki miaka miwili baadaye.

Miaka tisa nilikaa na kipande hicho cha dakika tano. Niliwachezea wanangu nikiwaambia, huyu ndiye nyanya wa baba yenu. Wakaniuliza wimbo ni wa nani, una maana gani. Sikujua. Kisha binamu yangu yuleyule wa ndoa alipohama nyumba alikuta kadi ya simu yake ya zamani ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo na funguo zisizo na kufuli. Siku ile ya 2011 nilikuwa nimemtumia faili kwa Bluetooth, nami nilikuwa nimesahau. AMR ilikuwa hai, dakika zote tisa. Sauti ni nyembamba kama mwanzo, hakuna muujiza. Ila pale mwanzo, kabla ya wimbo, nyanya anasema jina la mama mkwe wake, aliyemfundisha wimbo ule wakati wa kulima, na anataja kijiji alikotoka. Ndiyo maneno niliyoyakata kwa sababu hayakuwa wimbo.

Basi ndiyo sababu nasema mama asiguswe hata kama ni mbovu. AMR mbovu ni mama. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ulio kwenye Opus ni mama, ikiwa hakuna mwingine. Usiufute kwa kuwa umepata MP3 yake.

Nipite sasa kwenye kazi ya mikono, kwa haraka, maana mengi mtayaona kwenye kompyuta yenyewe. Watu huniletea sauti za WhatsApp wakilalamika kwamba radio ya gari haizichezi. Ni kweli, Opus ni fomati nzuri na ya bure, imekuwa kanuni tangu 2012, lakini radio nyingi za magari na spika za sokoni husoma MP3, na pengine WMA na WAV, basi. Dawa si kubadilisha jina la faili. Ukifuta neno opus mwishoni na kuandika mp3, umemvisha mbuzi kengele ya ng'ombe. Radio itamtazama na kujua ni mbuzi. Inabidi programu ifungue sauti na kuiandika upya. VLC, ambayo wengi mnayo kwa ajili ya filamu, hufanya hivyo: kwenye menyu yake ya kwanza kuna sehemu ya kugeuza na kuhifadhi, unachagua faili, unachagua MP3, unachagua mahali pa kuiweka, na mama anabaki alipo. Audacity inafaa ukitaka pia kuiona sauti kwa macho na kukata nakala, narudia, nakala. Mwenye folda ya faili mia tatu atumie FFmpeg, inayofanya kazi kwa amri za kuandika. Kijana anayejua kompyuta atajifunza kwa siku moja. Zote tatu ni za bure, na zikishaingia kwenye kompyuta hazihitaji intaneti.

Kwa watoto wa faili, kilobiti 128 zinatosha simu na spika ndogo. Kwa radio nashauri 192. Mawimbi ya FM hubeba sauti hadi hezi 15,000 hivi, kwa hiyo fundi wa radio akikuambia MP3 nzuri inamtosha hewani, anasema kweli. Lakini kinachotosha hewani hakitoshi kabatini. Stesheni inayorekodi wazee, kwaya, mashindano ya ngoma, iweke WAV au FLAC kabatini na kurusha MP3.

Nasikia mtu nyuma akinong'ona kwamba WAV itajaza kadi. Tuhesabu pamoja. Rekodi ya kipaza sauti kimoja, upande mmoja, ni megabaiti tano na kidogo kwa dakika. Mkesha wa ndoa wa saa tatu haufiki gigabaiti moja. Kadi ya gigabaiti 32 itabeba mikesha zaidi ya 30. Kwa FLAC, pengine mara mbili ya hiyo. Kasongo na Kabambare kwa pamoja hatuna wazee wengi wa likembe waliobaki hata washindwe kuenea kwenye kadi tatu.

Kwenye kurekodi penyewe, kama simu yako inakuruhusu kuchagua WAV, chagua. Kama inatoa m4a peke yake, weka ubora wa juu kabisa. Usirekodi wimbo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kama una njia nyingine. Rekodi kwanza kwenye simu, halafu faili itume kama dokumenti, ifike kama ilivyotoka.

Kuna jambo la majina, nalo linaniuma. Fungueni simu zenu muone: AUD, kisha tarehe, kisha WA na tarakimu nne. Hilo ndilo jina tulilowapa wazee wetu. Ndani ya MP3 kuna mahali pa kuandika jina la wimbo na la mwimbaji. Toleo la kwanza la mtindo huo, la mwaka 1996, lilitoa nafasi ya herufi 30 tu kwa kila moja. Wimbo wa Kizimba au wa Kibangubangu pamoja na jina la ukoo wa mwimbaji havienei humo. Na mara nyingi ukigeuza fomati, maandishi hayo huachwa njiani. Andikeni jina kwenye faili yenyewe: mwimbaji, kijiji, lugha, tarehe, nani alirekodi. Tena andikeni kwenye daftari la karatasi linalokaa na kadi. Karatasi haihitaji kugeuzwa.

Wenzetu waliohifadhi mama wanavuna. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa na kuimba. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na sasa ipo Makhanda, Afrika Kusini, ilitunza rekodi zake za awali, ndiyo maana watu wa leo wameweza kuzihamisha kwenye fomati ambazo mwaka 1952 hazikuwepo hata ndotoni. Kule Tervuren, kando ya Brussels, makumbusho ya Afrika ya Kati ina rekodi za Kongo tangu enzi za mitungi ya nta, na katika miaka ya 2000 ilianza kuzigeuza kuwa za kidijitali. Ni kazi ya maana. Lakini nasema mbele yenu kwamba sauti za Kongo zikirudi Kongo, zirudi nzima. Tusipewe MP3 nyembamba na kuambiwa tuseme ahsante. Tuombe nakala kamili ya mama, pamoja na majina na mahali.

Nasi tusingoje hilo. Kadi memori hufa, tena bila kuaga. Nyingine huuzwa zikijidai ni gigabaiti 64 na ndani hazifiki nane. Kwa hiyo mama mmoja akae sehemu tatu: kwako, kwenye parokia au msikiti au shule, na kwa ndugu aliye mji mwingine, Kindu au Bukavu. Kila mwaka mpya zifunguliwe zisikilizwe. Mwisho wa mwezi mtu asafiri na nakala.

Nimesema vya kutosha, na grupu ina mafuta hadi saa mbili usiku. Kompyuta iko pale mezani, na kando yake nimeweka kadi mpya mbili na daftari. Mwenye sauti ya mtu wa kwao kwenye simu aje tuinakili kama ilivyo, kisha tumtengenezee MP3 ya kuondoka nayo. Tutaanza na yule mama wa mstari wa pili mwenye simu ya vibonye, halafu kwaya, halafu vijana waliosimama mlangoni. Mama, njoo. Kabla hatujaifungua, tuambie kwanza ni nani anayeimba.